Kizimba cha Panya Mweupe Katika Joto la Unguja

Magharibi ikikaribia, chukua karatasi laini isiyotiwa marashi, ikunje iwe kama kitumbua, uiweke ndani ya kizimba cha panya mweupe wa maabara. Zima taa, uondoke. Panya huyo atafanya kazi usiku kucha. Ataishika karatasi kwa vidole vyake vidogo, ataichana kwa meno ukanda baada ya ukanda, ataibeba mdomoni mpaka kwenye pembe aliyoichagua, kisha atazunguka katikati yake akiisukuma kwa kifua mpaka kingo zinyanyuke. Alfajiri utakuta kiota cha mviringo kilichofunikwa juu, kina mlango mmoja ubavuni, na mwenyewe kajikunja ndani, huoni ila ncha ya pua.

Hakuna aliyemfundisha. Panya huyu amezaliwa kizimbani, na mama yake kadhalika, na bibi yake. Ukoo wa kwanza wa panya waliozalishwa ndugu kwa ndugu kwa ajili ya utafiti ulianzishwa Marekani na Clarence Cook Little mwaka 1909, na zaidi ya miaka mia ya kufungwa haikumwondolea panya ujuzi wa kujenga. Ndiyo maana nawaambia vijana kila mara: kizimba chenye maranda, chakula na maji tu hakijatimia. Ndani yake hamna kazi ya kufanya, na kiumbe aliyeumbwa na kazi mikononi akikosa kazi huharibika.

Nawaandikia wanafunzi wa udaktari, ufamasia na mifugo, watumishi wa maabara, na walimu wa skuli wanaofuga panya weupe kwa masomo. Kijana wa Unguja anayesoma fani hizo huenda akakutana na panya huyu hapa kisiwani, au akivuka bahari kwenda Dar es Salaam au Morogoro. Muhimbili, kwa mfano, watafiti wa dawa asilia wamekuwa wakipima sumu ya mizizi na magome kwa kutumia panya weupe. Nikisema panya hapa, nakusudia yule mdogo mwenye gramu 25 hadi 30, nusu ya uzito wa yai la kuku. Simsemi panya mkubwa wa mifereji ya Darajani.

Sasa jambo ambalo mtu wa Unguja lazima alishike mapema. Vitabu vya kutunza panya vimeandikwa kwenye nchi za baridi. Mwongozo wa Marekani unaotumika sana, toleo la mwaka 2011, unasema chumba kiwe kati ya nyuzi joto 20 na 26, na unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 70. Watafiti wa huko wamegundua kwamba katika nyuzi hizo panya huona baridi. Joto linalomstarehesha, ambapo mwili wake haulazimiki kuchoma chakula ili ujipashe, ni kama nyuzi 30. Kwa hiyo kwao kiota ni blanketi, na sehemu kubwa ya maandishi yao juu ya kiota inahusu kumkinga na baridi.

Kwetu mambo yanageuka. Usiku wa kipupwe, Julai, kiota ni blanketi kweli. Lakini Februari, kaskazi ikiwa imesimama na mchana umefika nyuzi 32 au 33, hewa nzito kwa unyevu wa bahari, panya yuko ukingoni. Panya hatoki jasho, wala hatweti ulimi nje kama mbwa. Hupoteza joto kwa mkia, na likimzidi hujipaka mate kwenye manyoya ili yakikauka yampoze. Hewa yenye unyevu mwingi haikaushi mate. Ukimwona amejinyoosha tumbo chini nje ya kiota, manyoya ya kifua yamelowa, anahema haraka, usingoje. Chumba kikipita nyuzi 35 unaweza kuingia asubuhi ukaokota maiti.

Kwa hiyo mpe achague. Upande mmoja wa kizimba weka vya kujengea kiota, upande wa pili acha peupe, uweke kipande cha kigae cha sakafu. Kigae hubaki baridi kuliko maranda, na siku ya joto utawakuta wamelala juu yake wamepangana. Mafundi wa vigae huacha vipande kila walipojenga, na havina bei. Visage kingo kwanza.

Chumba chenyewe kichague kwa macho ya fundi wa zamani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ua katikati, ili moto wa mchana usipenye. Chumba cha chini kinachotazama ua, mchana wa saa nane, kina tofauti kubwa na banda la matofali ya saruji lililoezekwa bati. Lakini ukuta wa chokaa hunywa maji, huvunda masika, na una matundu. Ziba kila tundu kwa wavu wa chuma na saruji. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, yote yawe na wavu. Feni ipulize hewa ya chumba, isielekezwe kwenye kizimba. Tundika kipimajoto mahali walipo panya, si mlangoni, na uandike kipimo cha saa nane mchana kila siku. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kitabu cha chumba chako ambacho hakiuzwi popote.

Usitegemee kiyoyozi peke yake. Kuanzia Mei 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme. Kisha tarehe 10 Desemba 2009 umeme wa kutoka bara ukakatika tena, haukurudi mpaka Machi 2010: miezi mitatu, na yote ya kaskazi. Waya mpya wa chini ya bahari wenye uwezo wa megawati 100 uliwashwa mwaka 2013, na hali si ile ya zamani. Hata hivyo, akili ya mtunza wanyama haina budi kuikumbuka ile miezi mitatu. Siku hizi huuzwa vizimba vya plastiki vilivyozibwa, kila kimoja kikipelekewa hewa kwa pampu. Ni vizuri kwa kuzuia magonjwa. Umeme ukizima na hakuna jenereta, panya aliye ndani hubaki na hewa ile ile aliyokwisha kuivuta. Kwa maabara ndogo ya kisiwani, mimi nachagua kizimba cha wazi chenye mfuniko wa nondo za chuma. Hakina sura ya kisasa, lakini kinapumua.

Ukubwa: sheria ya Ulaya ya mwaka 2010 inataka sakafu isiyopungua sentimita za mraba 330 na kimo cha sentimita 12. Karatasi ya A4 ina kama 624, kwa hiyo sheria inazungumzia eneo la nusu karatasi na kidogo. Hicho ni kiwango cha chini kabisa cha kisheria. Ukiweza kutoa karatasi nzima, toa. Joto letu linadai panya wachache zaidi katika kila kizimba, kwa sababu miili iliyobanana hupashana.

Vya kutandika na kujengea tunavyo tele, ila vingine vina hatari. Maranda ya seremala ni mazuri yakiwa ya mbao zisizotiwa dawa ya mchwa. Uliza kabla ya kubeba, na usichukue maranda ya mbao zinazonuka sana, maana harufu ile huvuruga ini la panya na kuharibu hata vipimo vyako. Vumbi laini la msumeno liache, linaziba pua. Usumba wa nazi unavutia, lakini kijiji kama Bwejuu au Jambiani makumbi huzikwa pwani yakaliwa na maji ya bahari kwa miezi, hivyo nyuzi zake zina chumvi. Tena nyuzi ndefu na ngumu humfunga mtoto wa panya mguu mpaka damu isipite. Pamba nayo ina hatari hiyo hiyo. Kina mama wanaosuka mikeka hubakiwa na vipande vya ukindu: chukua visivyotiwa rangi, vikaushe juani, vikate urefu wa kidole. Changanya na karatasi laini. Ukindu unasimamisha kuta, karatasi inajaza ndani, na kiota kinapanda juu badala ya kuwa sahani bapa. Kila kizimba kipewe kama gramu 8 hadi 10, uzito wa vijiko viwili vya chai vya sukari.

Kisha kifuu cha nazi. Kikune vizuri, kichemshe, kikaushe, ukate milango miwili kwenye ukingo, ukipindue. Hapo panya ana nyumba. Milango iwe miwili kwa sababu nyumba ya mlango mmoja hupata mwenyewe: dume mbabe hukaa mlangoni na wengine hawaingii wala hawatoki. Nimeona kizimba kilichokuwa na amani kikageuka uwanja wa vita kwa ajili ya kijumba kizuri chenye mlango mmoja. Kutia kitu kizimbani hakutoshi. Kaa uangalie nani anakitumia na nani amekoseshwa.

Meno ya panya hayaachi kuota maisha yake yote, hivyo mpe kijiti kikavu cha mpera au kipande cha mwanzi atafune. Nafaka chache ukizitawanya ndani ya maranda jioni, ataitumia saa nzima kuzitafuta, kama angefanya ghalani. Gurudumu la kukimbilia ni jambo ambalo watu walilibishania sana. Wengine walisema panya hukimbia kwenye gurudumu kwa sababu ya wazimu wa kufungwa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Leiden, Uholanzi, Johanna Meijer na Yuri Robbers, walichapisha matokeo ya gurudumu walilolitega nje, porini, likiwa na chakula karibu na kamera juu yake. Panya wa mwituni wakaja wenyewe, wakapanda, wakakimbia, wakashuka, wakarudi. Hata chakula kilipoondolewa waliendelea kuja.

Madume ndiyo mtihani. Waweke pamoja tangu walipoachishwa ziwa, wakiwa na wiki tatu, na usichanganye madume wakubwa wasiojuana, hata siku moja. Majike hukaa pamoja bila tabu, na panya aliyetengwa peke yake hudhoofika. Siku ya kusafisha ndiyo siku ya ugomvi, kwa sababu umewafutia harufu za nyumbani kwao. Fanya hivi: tupa maranda yaliyolowa mkojo, lakini kiota kikavu kihamishie kwenye kizimba kipya kama kilivyo. Harufu ya kiota huwatuliza, ya mkojo huwachochea. Safisha kabla pua yako haijaanza kuwashwa na amonia ukifungua mfuniko. Wao wanaishi usawa wa sakafu, imewafika siku nyingi kabla yako.

Jinsi ya kumshika ina uzito kuliko yote niliyoyataja. Nilipoanza kazi hii nilifundishwa kumnyanyua panya kwa mkia, kama wote walivyofundishwa, na nilifanya hivyo miaka. Kila nilipofungua mfuniko walikuwa wakitawanyika pembeni, wengine wakikojoa kwa hofu, nami nikiamini kwamba panya ndivyo alivyo. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya anayebebwa ndani ya bomba, au kwenye viganja viwili vilivyokunjwa kama unayeteka maji, hapati hofu ile. Badala ya kukimbia, huja kukunusa.

Kata bomba la plastiki la inchi mbili, urefu wa kiganja, ulainishe kingo kwa msasa. Mwanzi mnene unafaa pia. Liache ndani ya kizimba alizoee. Ukitaka kumtoa, lilaze mbele yake, msogeze taratibu kwa mkono wa pili kutoka nyuma. Ataingia mwenyewe, maana tundu kwake ni usalama. Nyanyua, ziba ncha kwa viganja. Wiki ya kwanza utaona unachelewa. Wiki ya tatu utakuta panya amekaa ndani ya bomba anakungoja.

Mwanga hauna shida kubwa kwetu. Vitabu vinataka saa 12 za mwanga na 12 za giza, na sisi Mungu ametupa siku ya namna hiyo karibu mwaka mzima. Ila panya mweupe hana rangi machoni, mwanga mkali humharibia jicho. Vizimba vya rafu ya juu, karibu na taa, vifunikwe juu. Yeye ni wa usiku. Kazi zinazomsumbua zifanye jioni, usimwamshe saa sita mchana.

Masikio yake husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, hivyo chumba kinachoonekana kimya kinaweza kuwa na kelele kwake: bomba la maji linalovuja, kompyuta, funguo zinazogongana. Na paka! Mji Mkongwe ni mji wa paka, na wengi wetu tunawapenda. Panya aliyezaliwa maabara, ambaye hajawahi kumwona paka, bado hutetemeka akinusa harufu yake. Ukimpapasa paka barazani, osha mikono mpaka viwikoni na ubadilishe koti kabla ya kuingia.

Panya wa mtaani asiingie kamwe, wala usimkamate ukamchanganye na hawa. Kisiwa hiki kimeishi na panya wa kigeni tangu enzi za majahazi. Mifupa ya panya weusi kutoka Asia imefukuliwa Unguja Ukuu. Nao hubeba magonjwa. Homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, ni ya bakteria anayeenea kwa mkojo wa panya na wanyama wengine. Vaa glavu. Dhidi ya sisimizi, ambao huweza kuwala watoto wa panya wachanga wakiwa hai, simamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji ya sabuni.

Wapo wakuu wa maabara wanaosema vifuu na mianzi vitavuruga utafiti, kwamba kila panya atakuwa na tabia yake na takwimu zitatawanyika. Hoja hiyo ilipimwa. Mwaka 2004 David Wolfer, Hanno Würbel na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya kulinganisha panya wa vizimba vitupu na wa vizimba vyenye vitu, katika maabara tatu tofauti. Mtawanyiko wa takwimu haukuongezeka. Upande wa pili, mwaka 1997, Gerd Kempermann na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba panya waliokaa kwenye mazingira yenye vitu vingi walikuwa na chembe nyingi zaidi za neva katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Mwenye kizimba kitupu basi anatafiti ubongo uliodumaa, halafu anatuandikia matokeo kana kwamba ni ya mnyama mzima.

Swali jingine nimeulizwa na mzee mmoja msikitini, kwa nia njema: panya si miongoni mwa wadudu waharibifu ambao sheria imeruhusu kuwaua? Ndiyo, mzee wangu. Lakini kila mtoto aliyepita chuoni ameisikia habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Ruhusa ya kuua mharibifu ghalani ni jambo moja. Huyu nimemfungia mimi, nimemnyima ghala, shimo na usiku wake. Haja zake zote sasa ziko shingoni mwangu. Mzee alinyamaza kidogo, akaniuliza wanakula nini.

Anayetaka kuona panya wanaotunzwa vizuri kwa Kiswahili chetu hahitaji kwenda Ulaya. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000, kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, kifua kikuu kwenye makohozi. Panya buku ni mkubwa mno kuliko mweupe wetu, lakini kanuni ni ile ile: chungu cha udongo cha kujifichia, vitu vya kutafuna, muda wa kucheza. Huenda kazini asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, na hupakwa mafuta ya kukinga jua kwenye masikio na mkia. Magawa, aliyezaliwa huko mwaka 2013, aligundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya mia moja nchini Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Mwaka uliofuata alistaafishwa kwa uzee. Panya akastaafu, akalishwa ndizi na karanga mpaka alipokufa Januari 2022.

Mchunguze panya wako usoni kila siku. Mwaka 2010 watafiti wa Kanada walitoa kipimo cha kusoma maumivu katika uso wake: macho yamefumbwa nusu, pua na mashavu yamevimba, masikio yamelala nyuma, masharubu yamekaza. Ongeza na kiota. Panya aliyejenga vizuri jana na leo amelala pembeni na karatasi yake haijaguswa, anakuambia kitu. Panya anayeruka pale pale au kuzunguka njia moja bila kikomo ameshakuambia zamani.

Na sikukuu. Panya hunywa maji kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa siku, na chupa moja ikiziba mdomo kwenye joto la Unguja, hana siku mbili. Kwa hiyo kabla ya Idi, andika zamu ukutani kwa majina, Idi mosi mpaka Idi nne, asubuhi na jioni. Kila kizimba kiwe na chupa mbili. Mwenye zamu aziguse zote kwa kidole, aone tone linatoka, ndipo avae kanzu yake aende viwanjani.